Sheria za Ufukweni Zilizomhusu Baba Peke Yake

Nimechoka kuisimulia safari hii vipande vipande. Mmoja nimemsimulia kwenye ngazi za mahakama, mwingine kwenye foleni ya benki, na kila mmoja amekwenda kutia chumvi yake, mpaka juzi nimesikia kwamba baba yangu alitekwa na majini Tanzania. Hakutekwa. Alikatazwa kuoga. Nawaandikia yote kwa mpangilio, halafu msiniulize tena.

Mnaoijua nyumba yetu ya Kisumu mnamjua ami Rajabu, mdogo wake Baba, fundi wa mashine za boti. Kwa wasiomjua, yeye na Baba wamepishana mwaka mmoja tu: sura moja, mwendo mmoja, hata kikohozi kimoja. Alihamia upande wa Kagera kutafuta kazi, akawa anapiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Simu yake ya mwisho tuliiweka sauti kubwa ili Bibi, mama yao, asikie. Ami alisema, "Kaka, ukija huku, kabla hujaniuliza lolote, oga kwanza. Maji ya huku ni baridi kama ya kile kisima chetu." Ijumaa iliyofuata hakupiga.

Imepita miaka minne. Bibi alikataa katakata tumsomee hitima ya maiti, na vilevile akakataa kusema kwamba mwanawe yuko hai. Alikuwa akiuliza tu, "Nani amekwenda kutazama?" Mwaka huu Baba alifunga duka akasema anakwenda kutazama. Mimi nilimsindikiza kwa sababu macho yake si mazuri, na kwa sababu nimekuwa karani wa mahakama miaka kumi na tisa na napenda kuuliza maswali.

Mutukula hadi Kyaka

Mambo ya mpakani nayaacha, yalikuwa mambo ya mpakani. Basi letu lilikata mkanda wa feni karibu na daraja la Kyaka, na dereva akatuambia dakika kumi. Tulikaa saa tatu. Tulinunua ndizi za kuchoma, tukala tumesimama, mto Kagera unapita chini yetu umejaa udongo.

Hapo ndipo alipopanda mama mmoja mchuuzi wa dagaa. Alipomwona Baba kwenye kiti cha mbele alisimama ghafla mlangoni, watu nyuma yake wakamsukuma wala hakugeuka. Kisha akavua kanga ya kichwani akaifunika ndoo yake ya dagaa, taratibu, kana kwamba ndani mna mtoto aliyelala.

"Mmetokea wapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Kisumu."

"Kwa maji au kwa barabara?"

"Kwa barabara. Si unaona tuko kwenye basi?"

"Waitu, afadhali," akasema, nusu Kihaya nusu Kiswahili, akashusha pumzi.

Alifungua fundo la kanga ya kiunoni akatoa punje za kahawa kavu, zile wanazotafuna wenyeji na kumpa mgeni kama heshima, akampa Baba kwa mikono miwili huku amepiga goti. Mimi hakunipa hata moja. Halafu alikwenda kumwomba utingo ile ndoo ikae buti ya nyuma, mbali. Basi lilipoondoka nilimsikia akizungumza kwenye simu: "Nimemwona. Mzima kabisa. Ndiyo, yuko na mwanamke."

Nilidhani ni habari za biashara yake. Baba alitafuna kahawa yake, akakunja uso kwa uchungu wa ile kahawa, akasema watu wa huku wana adabu.

Bukoba, birika na ndoo

Tulifikia Miembeni, kwenye nyumba ya wageni ya Mama Shamsa, mwanamke wa Kiislamu ambaye mababu zake walitoka pwani na biashara zao wakasahau kurudi. Alipofungua mlango na kumwona Baba alishika kizingiti, akasema "Bismillahi," halafu akatabasamu kwa bidii na kutukaribisha.

Mimi nililetewa ndoo ya maji ya moto imejaa pomoni. Baba aliletewa birika dogo la kutilia udhu. Nilipokwenda kuuliza, Mama Shamsa aliniambia maji yamekatika upande wa wanaume. Nyumba ile ina bomba moja, liko uani, na lilikuwa linatiririka tukizungumza.

Jioni, meza ya jirani walikuwa wanakula sato wa kukaanga na harufu yake ilitufikia mpaka mate yakatutoka. Baba aliagiza sato. Mama Shamsa alisema samaki wamekwisha, akamwekea ndizi za kupika na maharage. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe unaweza kula samaki, mwanangu. Kula tu." Nikaletewa sato mzima, mkubwa kuliko wa wale jirani. Nilimkatia Baba kipande. Mama Shamsa alitoka jikoni karibu mbio, akauchukua mkono wangu na kuurudisha kwenye sahani yangu, kwa upole, bila neno.

"Unaondoka lini?" aliniuliza baadaye.

"Jumapili tunaondoka."

"Nyote?"

"Nyote kivipi? Tumekuja wawili."

Aliweka chini kikombe alichokuwa anakifuta na akaingia ndani.

Bukoba, ufukwe wa mjini

Asubuhi tulishuka ziwani. Ni ziwa letu lile lile, msinicheke, lakini ukilitazama kutoka upande wa pili unajiona mgeni kweli. Kisiwa cha Musira kilikuwa mbele yetu, na ukungu ulikuwa haujaondoka vizuri. Pana bango la sheria nikalisoma mara mbili, ndiyo kazi yangu. Lilikuwa na mistari mitatu: chupa haziruhusiwi, kuosha pikipiki ni marufuku, mwisho wa kuogelea ni saa kumi na mbili jioni.

Majini walikuwamo Waganda watatu wanarushiana mpira na Mzungu mmoja na mkewe. Baba alivua viatu, akakunja suruali. Alikuwa na koti lake la kijivu na kofia, na alikuwa anacheka peke yake, maana alikuwa anakwenda kutimiza agizo la mdogo wake. Filimbi ikalia.

Aliyepiga ni mtu mzima mwenye kizibao cha kung'aa, Bwana Deo, mlinzi wa ufukwe. Alikuja mbio, lakini alipofika alizungumza kama aliyeingia msikitini.

"Mzee wetu, samahani sana. Wageni hawaingii majini kabla ya saa nne."

"Na wale?" nikauliza.

"Wale walishaingia."

Tukakaa mchangani mpaka saa nne na dakika moja. Baba akasimama, filimbi ikalia tena.

"Mzee wetu, baada ya saa nne kuna upepo. Wageni haturuhusu."

Upepo haukuwapo hata wa kupeperusha jani. "Kifungu gani hicho?" nikamuuliza.

"Cha nane."

"Bango lako lina mistari mitatu, Bwana Deo."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Nimeona askari wengi wenye sheria za mfukoni. Ukiwabana wanakuwa wakali. Huyu alitaka kulia. Alifungua daftari la wageni, akaandika jina langu, herufi kwa herufi, akaniuliza nitakaa siku ngapi. Jina la Baba hakuliuliza. Alipomaliza niliona ameandika jina langu na mbele yake tarakimu: mgeni 1.

"Lakini wewe, mama, ingia," akaniambia. "Maji mazuri leo. Nenda hata mpaka kule mbele." Akanyoosha mkono kuelekea mbali kabisa, ambako hapakuwa na mtu.

Basi Baba akamuuliza alichokuja kuuliza. "Namtafuta mdogo wangu. Fundi Rajabu, wa mashine za boti. Unamjua?"

Filimbi ilimtoka Bwana Deo mdomoni ikabaki ikining'inia kwenye kamba.

"Unamtafuta Rajabu," alisema polepole.

"Ndiyo. Miaka minne hatujapata habari zake."

"Ataonekana, mzee wetu. Usiwe na haraka. Ataonekana."

Baba alinishika mkono tukiondoka. "Umesikia? Mtu aliyekufa huwezi kusema ataonekana. Yuko hai, Zuhura. Mama alikuwa na haki." Nilimfurahia, na nataka mjue nilimfurahia kwa moyo wote. Lakini niligeuka nyuma mara moja. Bwana Deo alikuwa amechutama mchangani anapapasa nyayo za Baba moja moja kwa mgongo wa vidole, kama unavyopima homa kwenye paji la mtoto. Nyayo zangu, zilizokuwa pembeni, alizivuka.

Bukoba, siku ya pili

Siku iliyofuata tulikwenda sehemu nyingine ya ufukwe. Pale muuza soda alituambia raia wa nchi jirani huoga Jumanne. Ilikuwa Jumanne. Akasema ni Jumanne ya pili ya mwezi. Ilikuwa Jumanne ya pili. Hapo akamletea Baba kiti, akakiweka kikitazama mji, mgongo ziwani, akampa punje za kahawa. Watu watano au sita walikuja mmoja mmoja, wakamsalimia Baba wakiwa wameinama, wakaondoka. Kila aliyeulizwa kuhusu Rajabu alijibu neno lile lile, ataonekana, na mmoja akaongeza, "Nenda Muleba. Nenda nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" nikauliza. Yule mtu alinitazama mimi kama unavyomtazama mbwa usiyemjua, akarudi nyuma hatua mbili.

Hapo nilianza kuogopa. Baba hakuona kitu, kwa macho yake yale na kwa furaha aliyokuwa nayo. Alikuwa ananunua zawadi. Alimnunulia ami shati la mistari, akalipima kifuani mwake mwenyewe, akasema linatosha.

Kuelekea Muleba

Mama Shamsa alitutafutia gari la kukodi na akatufungia chapati. Alimwombea Baba dua ndefu mlangoni. Mimi alinipa mkono tu.

Njia ni nzuri, migomba kushoto na kulia, na kila baada ya vilima kadhaa ziwa linachungulia upande wa kushoto. Tulipofika Kemondo Baba alisema tushuke anawe uso tu. Dereva alisema mlango wa upande ule ni mbovu, haufunguki. Niliufungua mimi. Akasema unafunguka kwa wanawake.

Nilitaka kucheka na nikashindwa. Dereva alikuwa ameshika usukani kwa nguvu, jasho linamtoka, na kwenye kioo macho yake hayakuwa kwa Baba, yalikuwa kwangu. "Mama," akaniambia, "kama una safari yako ya kurudi, mimi nakushusha hapa bure. Mzee nitamfikisha." Nikamwambia endesha gari.

Mwaloni

Kutoka Muleba mjini tulishuka mpaka mwaloni, pale wavuvi wanapotia nanga na kuuza samaki. Walikuwa wanatungojea. Sijui niseme vipi ili mwelewe: mwalo mzima, wanaume na wanawake, wamesimama kimya kati yetu na maji, bega kwa bega. Dagaa wote waliokuwa wameanikwa walikuwa wamefunikwa kwa maturubai, jua kali namna ile.

Mwenyekiti wa mwalo, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuja na karatasi. "Kanuni za wageni," akasema, akanipa. Wino ulikuwa haujakauka, ulinibaki kidoleni. Nikasoma kwa sauti. "Mgeni mwanamume wa umri wa wastani, mwenye koti la kijivu na kofia, haruhusiwi kuyafikia maji kwa hatua hamsini. Hatauziwa samaki. Atapewa kiti."

"Mwenyekiti," nikasema, "miaka yangu yote ya kazi sijaona sheria inayotaja rangi ya koti."

"Tutairekebisha, mama."

"Imepitishwa na nani?"

"Na wote," akasema, na akanionyesha ule ukuta wa watu. "Wewe haikuhusu. Wewe maji ni yako. Ukitaka kuingia sasa hivi, ingia."

Watu walijitenga katikati wakaacha njia nyembamba mpaka majini, upana wa mtu mmoja, na wote wakanitazama. Hakuna aliyetabasamu. Ndugu zangu, mimi nimekulia kando ya ziwa hili na naogelea vizuri, lakini siku ile msingenisukuma mle hata kwa magari mawili. Niliona kabisa kwamba wanataka niingie na nisitoke.

Baba alikuwa ameshakalishwa kwenye kiti, mgongo ziwani, anatafuna kahawa. "Rajabu yuko wapi?" akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu aliyechoka kuchezewa.

Mwenyekiti alipiga goti mbele yake. "Juu, Buganguzi, ta," akamwita kwa heshima ya Kihaya. "Kwa Verdiana. Anakungojea. Nenda nyumbani, usigeuke nyuma." Na alipotamka hayo wanawake wote walipiga vigelegele, nao wanaume wakavua kofia.

Buganguzi

Verdiana ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, wa familia ya wakulima Wakatoliki, nyumba yake iko katikati ya migomba na kahawa, na kutoka pale ziwa halionekani. Ami hakuwahi kututajia jina lake. Alikuwa amesimama uani amevaa kitenge kipya. Kwenye kamba zilining'inia suruali mbili na shati la kiume, zimefuliwa zikapigwa pasi. Majirani walikuwa wamejaa. Alimshika Baba mikono miwili, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Umerudi."

Nilimtazama Baba usoni. Nilitamani nisingemtazama. Neno lile moja lilimweleza yote ambayo watu wa Bukoba walikuwa wamemficha kwa siku tatu, na niliona likimwingia. Aliketi alipokalishwa, akala ndizi na maharage alizopakuliwa, na majirani wakamtazama akila kama watu wanaotazama moto unaowaka vizuri. Walipotosheka, Verdiana aliwashukuru akawaomba waende. Jua lilikuwa bado halijazama.

Akafunga mlango. "Shikamoo, shemeji," akasema. "Wewe ni Hamisi."

Alitueleza akiwa amesimama, mgongo mlangoni. Rajabu alitoka kujaribu mashine aliyoitengeneza, upepo ukaanza, boti ikapatikana na yeye hakupatikana. Walimtafuta siku tisa. Simu yake ilikwenda naye na namba zetu zote zilikuwa mle.

"Kule mwaloni wanaamini hivi," akasema. "Aliyechukuliwa na maji asipopatikana, anaweza kurudi. Lakini akirudi hajijui. Anajitafuta, kama anayemtafuta mtu mwingine. Ukimwambia habari zake anakumbuka, na akikumbuka anarudi majini palepale. Kwa hiyo haambiwi. Haitwi jina. Halishwi kitu cha majini, haogi, anapewa kahawa na kuelekezwa nyumbani kwake. Wanapapasa nyayo zake. Zikiwa kavu, wanajua ametoka mzima. Zako zilikuwa kavu, wakanipigia simu wanalia. Sheria za wageni walizitunga njiani, bojo, masikini wao, wafanyeje? Huwezi kumwambia mtu usioge kwa sababu umekufa."

"Na mimi?" nikauliza.

"Kwao wewe ndiye uliyemleta kutoka huko majini. Anayemleta anatakiwa arudi mwenyewe, upesi, kabla hajabadili mawazo akamchukua tena."

Nilicheka, nikajisikia vibaya, nikaacha.

"Wewe ulijua si yeye?" Baba akauliza.

"Tangu simu ya Kyaka. Walisema mmetoka Kisumu kwa barabara. Rajabu aliniambia kaka yake atakuja siku moja, na nisishtuke nikimwona."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Hapakuwa na mwili, shemeji, kwa hiyo hapakuwa na msiba. Hakuna aliyelala hapa kunifariji. Wanasema ukimlilia unamfungia njia. Miaka minne nimekatazwa kulia. Nikasema, basi waache waje siku moja wanipigie vigelegele. Siku moja tu. Nisamehe."

Baba alifunika uso kwa kofia yake. "Kumbe nimefika msibani tangu Kyaka," akasema, "na kila mtu ananiambia karibu." Alilia kwa sauti, nami nikalia, na Verdiana alitutazama huku amekunja mikono kifuani, macho makavu, maana alikuwa bado chini ya ile sheria.

Mwaloni tena

Asubuhi Baba alisema atakwenda kuoga. Verdiana akamwambia, "Ukioga watajua wewe si yeye. Wakijua, Rajabu amekufa kwa mwalo wote."

"Basi nitaacha."

Verdiana alizikunja zile nguo za kwenye kamba. "Mimi nilikuwapo alipokupigia simu," akasema. "Alisema uoge kwanza. Twende."

Walitupokea kwa furaha tulipotokea, halafu wakaona tunaelekea wapi, na ule ukuta wa watu ukajipanga upya. Mwenyekiti alianza, "Mzee wetu, kanuni—" Verdiana alisimama mbele ya Baba. Alizungumza kwa Kihaya kwanza, maneno machache, kisha kwa Kiswahili ili na sisi tusikie.

"Huyu ni Hamisi, kaka yake. Rajabu hakurudi. Harudi."

Nilisikia maji yakipiga kwenye mbao za boti. Kisha mama mmoja nyuma kabisa aliweka beseni lake chini, akashika kichwa, akaanza, na kilio kikapokewa na kingine, kikaenda ufuo mzima mpaka kwenye mabanda ya mwisho. Wanaume wazima walikaa chini mchangani. Verdiana aliusikiliza msiba wake ukifika, akapiga magoti, naye akalia kwa mara ya kwanza katika miaka minne, na wanawake wakamzunguka.

Mwenyekiti alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Aliichana ile karatasi ya koti la kijivu. Akafungua daftari, akamgeukia Baba.

"Jina lako nani, mzee?"

Tangu tuvuke mpaka, yeye alikuwa wa kwanza kumuuliza.

"Hamisi."

"Unatoka wapi?"

"Kisumu."

Akaandika. "Kuoga mwisho saa kumi na mbili," akasema, na machozi yakadondoka kwenye daftari. Watu wakajitenga. Baba aliingia na suruali yake, maji yakamfika kifuani, akazama, akakaa chini muda mrefu kuliko nilivyopenda, akaibuka. Alipotoka alimpita mwenyekiti akaenda kukaa kando ya Verdiana. Mwenyekiti alichutama, akagusa alama ya mguu wa Baba kwenye mchanga. Ilikuwa imelowa. Akapangusa vidole kwenye shati lake.

Kisumu

Tulikaa siku tatu msibani, tukala samaki. Kurudi hakukuwa na kituko, ila pale Kyaka yule mama wa dagaa alikuwapo, akanipa kahawa na mimi.

Bibi alikuwa barazani tulipofika. Alimtazama Baba akishuka, akaangalia nyuma yake kama kuna mtu, akaona hakuna. Hakuuliza kama Rajabu yuko hai. Aliuliza, "Uliyaoga?"

"Niliyaoga, Mama."

"Ni baridi?"

"Kama ya kisima chetu."

Bibi alitikisa kichwa mara kadhaa. Kisha akauvuta ukaya wake mpaka usoni, akatuambia twende tukawaite watu wa hitima.